Mwacheni Kijana, Tatizo ni Mradi Wenu

Wiki hii kijana wa mafunzo kazini amesulubiwa kwenye grupu la kazi, eti ameua seva. Alichofanya ni kufungua skripti ya bash (faili la amri za kompyuta) kwenye laptopu yake ya Windows, akarekebisha mstari mmoja, akahifadhi, akatuma. Seva ya Linux ikagoma: `/bin/bash^M: bad interpreter`. Wakubwa wakaanza: "Siku nyingine uwe makini, bwana mdogo."

Awe makini kwa macho gani? Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, namba 13 na namba 10. Linux hutumia 10 peke yake. Seva iliposoma mstari wa kwanza, ikaenda kutafuta programu ambayo jina lake lina 13 mkiani (ndiyo ile `^M`), na programu hiyo haipo duniani. Ukilifungua faili lenyewe kwenye Notepad, liko safi kama limepigwa pasi.

Najua, mtasema lawama ni za Windows. Shingo upande, nasema siyo zote. Kwenye mashine za kuchapa kama Teletype Model 33 ya mwaka 1963, alama moja (13) ilirudisha kichwa cha kuchapia kushoto, nyingine (10) ikasogeza karatasi. DOS, mfumo wa Microsoft kabla ya Windows, ilifuata mfumo wa CP/M ikabaki na zote mbili. Unix, ambayo Linux inaiiga, ilifuata mfumo wa Multics ikabaki na moja. HTTP/1.1 ya wavuti na SMTP ya barua pepe hadi leo zinadai zote mbili. (Apple, mpaka Mac OS 9, walitumia 13 tupu. Hao tuwaache.) Ila Notepad kungoja hadi 2018 ndipo ielewe mistari ya Unix, hilo silitetei.

Kinachonichemsha ni mradi kukosa `.gitattributes`, faili linaloiambia Git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) mistari imalizwe vipi. Kila mtu anategemea `core.autocrlf` ya mashine yake, mpangilio wa Git unaogeuza alama hizo: huyu ameiwasha, yule ameizima, wa tatu hajui kama ipo. Basi mtu anabadilisha neno moja, Git inaonyesha faili zima limebadilika, nyekundu juu mpaka chini, kijani juu mpaka chini. Mkaguzi anaona mistari elfu, anapumua, anaidhinisha bila kusoma. Hapo ndipo kosa la kweli linapopenya, na historia ya nani aliandika nini inafunikwa jina kwa jina. Dawa yake ni kuandika haya kwenye `.gitattributes` (`lf` ni 10 peke yake, `crlf` ni 13 na 10):

`* text=auto`
`*.sh text eol=lf`
`*.bat text eol=crlf`

Kanuni inasafiri na mradi, laptopu iwe ya nani. Kisha `git add --renormalize .` mara moja, ili mafaili yaliyopo yafuate kanuni hiyo, kwenye komiti (hifadhi ya Git) yake peke yake, msiichanganye na kazi nyingine. Nani alianzisha mradi bila faili hilo? Si kijana. Ni mmoja wa hao hao waliokuwa wanamhubiria umakini.

`dos2unix`, programu ya kuondoa hizo 13, sina ugomvi nayo. Faili likitoka kwa mteja kwa barua pepe, ipitishe humo, maisha yaendelee. Lakini kuifanya utaratibu wa kila siku, kila mtu akumbuke, hapana.

Na nyie mnaopitisha `sed`, amri ya kubadilisha maandishi, kwenye folda zima ili kufuta 13, picha zikiwemo! Baiti nane za kwanza za PNG zina 13 na 10 zikiwa pamoja, zimewekwa makusudi ili uharibifu wa namna hiyo ugundulike mara moja. Waliotunga PNG miaka ya 1990 walijua mko njiani mnakuja.