Kabla Hamjamwamini Yule wa Ghorofa ya Pili

Najua mmeshaipata. Yule bwana kaitupa kwenye kundi la Watanzania wa Minneapolis kabla hata zimamoto hawajaondoka: "Jamaa kamwacha mama mkwe ndani, kaokoa kobe." Na picha juu. Mlioweka vicheko nimewaona, majina ninayo.

Sasa nisikilizeni na mimi, maana kuna vitu kavificha. Havinisaidii sana, lakini kavificha.

Kobe wenyewe ni wale wa maji, wenye mchirizi mwekundu nyuma ya jicho. Muuzaji alinifundisha vizuri tu: taa mbili. Moja ya joto, pale wanapopanda kuota pafike nyuzi 32 hivi. Ya pili ya mionzi ya UVB, bila hiyo mwili hautengenezi vitamini D na gamba linalainika. Nikamuuliza, nikiwaweka dirishani? Kioo kinaizuia, akasema. Yaani jua lile lile tulilokuwa tunalikimbia Tanga, huku linauzwa kwenye glopu, tena glopu inaishiwa mionzi huku bado inawaka, ununue nyingine. Nikanunua. Pesa ya kuining'inizia ile ya joto kwa mnyororo ndiyo nikaionea uchungu. Nikachukua ya kubana, nikaibana ukingoni mwa tangi, chini nikatandika taulo lidake matone. (Walioelewa wameshaelewa. Nyamazeni.)

Usiku inatakiwa izimwe. Lakini nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, nikawahurumia.

Mke yuko zamu ya usiku. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, kalala chumba cha pili. Nikaamshwa na king'ora. Taa imeteleza, iko juu ya taulo, taulo linafuka. Nikachomoa waya ukutani, nikachota maji ya kobe nikamwaga. Kwisha. Ningekaa hapo hapo, leo msingekuwa na habari.

Nikafungua mlango moshi utoke. Ukatoka mpaka ukumbini, king'ora cha jengo zima nacho kikaamka.

Nilibisha kwa mama mkwe. HILO HAKULIANDIKA. Nikaita, "Mama, moto!" Akajibu, "Nakuja, baba." Sasa mkwe gani anasukuma mlango wa mama mkwe usiku wa manane, yuko na bukta? Nikavuta nguo iliyoning'inia mlango wa bafuni, nikajifunga. Kobe nikawatia kwenye beseni la kukandia unga wa chapati. (Msifanye hivyo, kobe hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha. Ndiyo maana Marekani tangu 1975 ni marufuku kuuza wale wadogo wa chini ya inchi 4.) Nikashuka.

Sasa picha. Jengo zima liko nje kwenye theluji, makoti hadi puani. Mimi miguu peku, beseni kifuani, kanga kiunoni. Watu wanachungulia ndani ya beseni. Mzungu mmoja kanivulia kofia, nadhani alidhani ni mtoto. Halafu mlango ukafunguliwa. Katoka mzimamoto, pole pole, kamshika mkono mama mkwe. Kumbe alikuwa anajistiri kwanza: baibui, mtandio, soksi, na mkoba wenye pasipoti. Kashuka ngazi moja. Ya pili. Kasimama. Kalitazama beseni lake. Kobe mmoja akatoa kichwa wakatazamana. Kisha macho yakashuka kwenye kanga. Kanga yake. Nikageuka kumficha, na hapo ndipo bwana yule alipopiga picha, kwa nyuma, maandishi yote yanasomeka: NANI KAMA MAMA.

Sikuwa na neno. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Kobe wazima?"

"Wazima, mama."

"Alhamdulillahi."

Yaliyobaki si marefu. Zulia nalilipa mimi, mwenye nyumba kaandika barua, taa sasa iko kwenye mnyororo na kishikio cha kauri, inazimwa na saa yenyewe. Mke alilisoma kundi kabla ya kunipigia. Beseni limekuwa la kobe, mama mkwe kanunuliwa jingine kubwa zaidi. Na kanga nilimfulia, nikaipiga pasi, nikampelekea kwa mikono miwili. Akasema nibaki nayo, yeye hawezi tena kuivaa bila kucheka.