Amparo na jamhuri iliyomsahau

Riwaya za Kihispania za karne ya 19 husifiwa sana kwa mapenzi na machozi ya mabibi wa mjini. Mimi ninayemtetea ni Amparo, msokota sigara katika La Tribuna ya Emilia Pardo Bazán, iliyotoka mwaka 1883. Sijasoma riwaya nyingine ya enzi ile inayoonyesha waziwazi hivi jinsi siasa za wanaume zilivyomtumia mwanamke kisha zikamwacha njiani.

Amparo amekulia Marineda, mji wa kubuni uliochorwa kwa mfano wa A Coruña, akimsaidia baba yake kuoka biskuti nyembamba za kuuza mtaani. Malkia Isabel II amepinduliwa mwaka 1868, nchi nzima inabishana kama itawaliwe tena na mfalme au iwe jamhuri, na katika kiwanda cha tumbaku wanawake wengi hawajui kusoma. Yeye anajua. Basi anawasomea magazeti kwa sauti huku mikono yao ikiendelea na kazi, na habari kavu za siasa zinawaka moto mdomoni mwake.

Ndipo anaingia Baltasar, ofisa wa jeshi, mtoto wa wafanyabiashara. Anamwahidi ndoa, anampa mimba, anamtelekeza. Wapo wanaomwona Amparo mjinga. Hapana! Alimwamini Baltasar kwa sababu ileile iliyomfanya aiamini jamhuri: kama watu wote ni sawa, kwa nini bwana asimwoe msokota sigara? Swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Ni kweli Pardo Bazán, mwanamke wa ukoo wa kikabaila, hakuwa mpenzi wa jamhuri ile. Kwenye dibaji anasema ni upuuzi watu kutegemea wokovu katika aina ya serikali wasiyoijua. Lakini alikwenda mwenyewe kiwandani kuwatazama wanawake wale kazini, na heshima aliyorudi nayo imo katika kila ukurasa wa kiwanda. Naye pia alionja ubaguzi: Akademia ya Kifalme ya Hispania, taasisi inayosimamia lugha ya Kihispania, ilimnyima kiti kwa sababu ni mwanamke.

Mwishoni ni Februari 1873, na Hispania imetangazwa kuwa jamhuri. Amparo amejifungua mtoto wa kiume, na chini ya dirisha wenzake wanatoka kazini wakishangilia Jamhuri ya Shirikisho. Jamhuri hiyo haikuwapa kura. Wanawake wa Hispania walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza Novemba 1933, wakati ambapo mtoto yule angekuwa mzee wa miaka 60.