Mkonge haumo kwenye nembo

Juzi mpwa wangu, yuko darasa la nne hapa Ngamiani, aliniletea daftari lake: taja mazao 2 yaliyomo kwenye Nembo ya Taifa. Rahisi. Bibi na Bwana wamesimama juu ya Kilimanjaro, wameshika pembe za ndovu, ngao iko katikati; miguuni pa bwana karafuu, miguuni pa bibi pamba. Akanitazama.

"Na mkonge je, mjomba?"

Mtoto wa Tanga hajauliza vibaya. Panda basi la Korogwe uone: mkonge mpaka uchoke. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyopona, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Uhuru ulipofika 1961, hakuna zao lililoiletea Tanganyika fedha nyingi za kigeni kuushinda. Kwa hiyo zamani nami nilikuwa nikilalama: pamba ya Wasukuma imo, karafuu ya Pemba imo, sisi tumerukwa. (Wagosi, yaani sisi watu wa Tanga, hatupendi kurukwa, waulize Simba na Yanga wakija uwanja wetu wa Mkwakwani.)

Siku hizi naona bora haumo. Tazama ngao yenyewe: juu mwenge, chini mawimbi, na jembe limepishana na shoka. Lile jembe naliona la mtu anayelima chake. Pamba ya Usukuma ilikuwa ya wakulima wadogo na vyama vyao vya ushirika. Mkonge ulikuwa shamba la bwana, korona (kiwanda cha kukamua majani) ya bwana, hata singa, zile nyuzi zake, zikianikwa ni za bwana. Utanijibu kwamba karafuu nayo ilistawi kwa jasho la watumwa. Kweli, hapo hoja yangu inachechemea. Lakini baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar iligawa ardhi eka tatu tatu kwa wakulima. Huku kwetu mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa 1967, na mkataji akabaki mkataji.

Babu yangu alitoka Kasulu kuja kuukata. Alikuwa manamba, kibarua wa mkataba anayejulikana kwa namba, na neno lenyewe halifichi kitu. Alipewa kipande, kadi ya siku 30. Mpaka zijae ndipo alipwe, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Chini ya ngao imeandikwa Uhuru na Umoja. Sioni pa kukibandika kile kipande.

Nikamwambia mpwa aandike karafuu na pamba, asipoteze maksi. Habari za kipande nitamsimulia Jumapili, tukiwa ndani ya basi la Korogwe.