Picha Iwe Mkononi mwa Mtoto

Katika madarasa ya watoto wenye usonji (autism, hali inayoweza kumfanya mtoto apate shida ya kuwasiliana) niliyopata kuingia, kuta zimejaa picha: mtoto aliyeketi, mtoto anayenawa mikono, kidole kilichowekwa mdomoni kuashiria kunyamaza. Walimu waliozichora, mara nyingi kwa fedha zao wenyewe, wanastahili heshima. Hata hivyo, karibu zote zinamwagiza mtoto, na ni chache mno zinazompa nafasi ya kumwambia mtu jambo lake.

Siipingi ratiba ya picha. Neno likishatamkwa hutoweka, ilhali picha hubaki pale pale, na mtoto anayeona kwamba baada ya uji ni mchezo, kisha gari la kurudi nyumbani, hupungukiwa na hofu. Lakini kujua kitakachofuata si sawa na kuzungumza na mwenzako.

Ndiyo maana naithamini zaidi njia ya kubadilishana picha, PECS, iliyobuniwa mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani. Mwanzoni wanahitajika watu wazima wawili: mmoja ameshika kitu anachokipenda mtoto, mwingine ameketi nyuma ya mtoto na kuuongoza mkono wake bila kusema lolote. Mtoto huchukua picha, huiweka kiganjani mwa yule wa mbele, naye hupewa kitu hicho papo hapo. Haanzi kwa kuulizwa anataka nini, kwa sababu swali hilo likitangulia kila siku, mtoto huzoea kungoja aulizwe. Baadaye mtu mzima husogea mbali, ili mtoto ainuke, amfuate na kumfikia. Kwangu mimi, hatua hizo chache za kumwendea binadamu mwingine ndizo kiini cha jambo lote.

Wazazi wengi huniuliza kama mtoto akizoea picha hataacha kabisa kujifunza kusema. Hofu hiyo naielewa, lakini tafiti zilizofanywa kuhusu njia mbadala za mawasiliano hazikuonyesha kwamba zinazuia usemi, na baadhi ya watoto huanza kutamka maneno wakati wakizitumia.

Kuhusu picha zenyewe, nashauri zitoke katika maisha ya mtoto. Tufaha la kuchorwa halimwambii chochote mtoto ambaye kila asubuhi hupewa kitumbua. Kikombe chake kipigwe picha kwa simu, ichapwe katika duka la steshenari na kufunikwa kwa plastiki isichakae. Na kwa mtoto ambaye bado haelewi picha, pakiti tupu ya biskuti zake inatosha kuanzia.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba picha nyingi tunazowapa watoto ni za chakula. Mtoto anahitaji pia kusema "nisaidie", "tucheze", "kelele zimezidi", na hasa "sitaki". Picha hii ya mwisho watu wazima huiogopa, wakidhani itamfundisha ukaidi. Nimemwona mtoto aliyekuwa akijigonga kichwa kila redio ilipofunguliwa; alipopewa picha ya "inatosha", na mwalimu akaizima redio mara tu alipoipokea, kujigonga kulipungua wiki baada ya wiki. Siku moja picha zake zilifungiwa kabatini shuleni wakati wa likizo, akarudi nyumbani mikono mitupu, na mama yake akaanza kuziona tena zile alama kwenye paji la uso.