Tija ya mkulima wa kihamba katika mizani ya Pato la Taifa

Nchi zinapolinganishwa kwa tija, hesabu inayotumika mara nyingi ni kugawanya Pato la Taifa kwa idadi ya wafanyakazi. Kwa Tanzania hesabu hiyo humwonyesha mkulima vibaya, kwa kuwa kilimo huajiri zaidi ya nusu ya nguvukazi lakini huchangia zaidi kidogo tu ya robo ya pato. Wapo wanaohitimisha kwamba dawa ya ukuaji ni kumtoa shambani. Naona hitimisho hilo limetangulia ushahidi.

Mama wa Kibosho au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hukatia ng'ombe majani na kupalilia migomba asubuhi, siku ya soko hushuka Kiboriloni na ndizi, na msimu wa kahawa huchuma buni zitakazofika mnadani Moshi. Akiulizwa kazi yake kuu atajibu kilimo, na mwaka wake wote utaandikwa humo, hata kama saa alizotumia sokoni ni nyingi kuliko za kihambani, yaani kwenye shamba la familia linalozunguka nyumba. Bei ya kahawa yake inajulikana, ila ndizi na maziwa yanayoliwa nyumbani huingia kwenye Pato la Taifa kwa makadirio, na kupika na kulea watoto hakuingii kabisa. Watafiti waliohesabu saa badala ya vichwa katika kaya za Afrika, Tanzania ikiwamo, wamekuta pengo kati ya kilimo na sekta nyingine likipungua sana. Hata Ufaransa, ambayo kwa pato la kila mtu iko nyuma ya Marekani, huikaribia kwa pato la kila saa.

Hata hivyo pengo halifutiki, na wanaotetea takwimu hizi wana haki ya kulisema hilo kwa sauti. Jembe la mkono, mifereji iliyokauka na vihamba vinavyogawanywa kila kizazi ni umaskini halisi, ambao hakuna dodoso litakaloufuta.

Kinachonitia shaka zaidi ni kupanga nchi kwa safu kwa kutumia mwaka mmoja. Mwaka 2014 Nigeria ilibadili mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei na uzito wa sekta zake hutumika kukokotoa pato, kutoka 1990 hadi 2010 na pato lake likapanda kwa asilimia 89, bila gunia moja kuongezeka ghalani. Kenya mwaka huohuo ilipanda kwa takribani asilimia 25. Marekebisho hayo yalikuwa ya lazima, kwani kizio cha zamani hakikuzipa simu uzito wake. Lakini itifaki ya Umoja wa Sarafu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini mwaka 2013, inapima deni na nakisi ya bajeti ya kila nchi kwa uwiano wake na pato, hivyo marekebisho peke yake yanaweza kuisogeza nchi karibu na masharti ya kujiunga na sarafu hiyo moja. Kwa hiyo sekretarieti iliyoko Arusha ingefaa kudai kwanza vizio vinavyokaribiana na dodoso moja la saa za kazi kwa nchi zote wanachama, na hadi hapo mwenendo wa ukuaji ndani ya kila nchi, uliopimwa kwa kizio kilekile, upewe uzito kuliko nafasi yake kwenye safu.