Nionyeshe Matamvua Kwanza

Mama anayenunua mbuta pale ufuoni Dunga, Kisumu, hasubiri samaki aingie kwenye mafuta. Anafunua matamvua, anabonyeza tumbo, ndipo waanze kuvutana bei. Anajua fika kwamba akishakaangwa, mzima na aliyechina wote watakuwa rangi moja.

Sisi tunaochambua data za chipu za jeni, vibao vidogo vinavyopima kwa mwanga kila jeni inafanya kazi kiasi gani, tunaanzia kwenye karai. Tunapakia faili za CEL, zenye vipimo ghafi vya kila chipu, tunaita RMA, njia ya kompyuta ya kusafisha vipimo hivyo, dakika chache baadaye tuna jedwali safi. RMA, iliyotoka mwaka 2003, hufanya mambo matatu: huondoa mwanga wa nyuma, husawazisha chipu zote, kisha hujumlisha vipimo vya kila jeni. Hapo pa kusawazisha ndipo penye karai. Programu hulazimisha chipu zote ziwe na mtawanyiko uleule wa namba. Ukichora visanduku (boxplot) vya mtawanyiko wa kila chipu baada ya hapo, vitajipanga sawasawa kama wanafunzi paredi. Bado watu huuonyesha mchoro huo kama ushahidi kwamba data ni nzuri!

Siwacheki, maana nimepita hapo. Nilipokuwa najifunza kazi hii hapa Kisumu, nilipakua data za wagonjwa na wazima kutoka GEO, hazina ya mtandaoni ya data za jeni (bando liliniishia mara mbili), nikapata mamia ya jeni zinazotofautiana. Nilitembea nusu inchi juu ya ardhi. Mkubwa wangu wa kazi akauliza swali moja tu: "Tarehe za skana umeziangalia?" Zimo humo humo, kwenye kichwa cha faili ya CEL. Wagonjwa wote walipigwa skana siku moja, wazima wote siku nyingine. Sasa jeni zile zilitofautisha ugonjwa au siku? Hakuna programu ya kutenganisha hayo. Nilifuta wiki tatu za kazi.

Ubaya ni kwamba vyombo vya kukagua vipo, na ni vya bure. Bioconductor, mkusanyiko wa programu za kuchambua data za jeni, ipo tangu 2001, ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, na mojawapo ya programu zake, arrayQualityMetrics, itakutolea ripoti nzima ya data ghafi na ya data iliyosawazishwa, ukitaka zote mbili. Laptopu ya kawaida inatosha kwa chipu chache.

Mimi siku hizi naanza na picha ya chipu yenyewe, nikitafuta madoa na mikwaruzo. Kisha mchoro wa kuoza kwa RNA, ile nakala ya jeni ambayo chipu huipima. RNA huliwa kuanzia ncha ya 5', yaani mwanzo wake, kwa hiyo vipimo vya upande huo hufifia na mstari wa chipu hiyo kwenye mchoro ukasimama mwinuko mkali. Mstari wa chipu moja ukipanda kuliko wenzake wote, nashuku friji ya sampuli ilizima, namuuliza aliyekusanya damu: stima ilipotea lini, na jenereta iliwaka saa ngapi? Mara nyingi anakumbuka.