Airisi kutoka mbegu: si lazima miaka mitatu

Ukiuliza kuhusu mbegu za airisi, ua la bustani, jibu ni lilelile: sia, kisha subiri ua miaka mitatu. Linaniudhi, kwa sababu linakatisha tamaa watu wasiojaribu hata mara moja, na sehemu kubwa ya muda huo hupotelea kitaluni bila sababu.

Mbegu ya airisi yenye ndevu, ile yenye manyoya kwenye petali za chini, imebeba kemikali za kuzuia kuota. Iloweke wiki mbili, maji yabadilishwe kila siku. Kisha ichanganye na mchanga wenye unyevunyevu, funga kwenye mfuko, weka ndani ya friji kwenye nyuzi 4 kwa wiki 8 hadi 12. Ikitoka, isie kina cha sentimita moja, mahali pa nyuzi 15 hivi. Mwagilia kutokea chini, kinyausi, ugonjwa wa ukungu, kisiikate miche shingoni.

Kazi kubwa inaanzia hapa. Ua la kwanza haliletwi na umri, linaletwa na unene wa tunguu, lile shina nene linalolala ardhini. Baridi ya majira ndiyo inayoandaa ua. Ikiukuta mche mwembamba inapita bure, na mwaka umekwenda. Basi hesabu kwa kurudi nyuma: otesha ndani ya nyumba wakati wa baridi, chini ya taa kwa saa 14 hadi 16 kwa siku, na mche ukifika sentimita 10 uatike nje mara tu barafu ya usiku inapokwisha. Jamani, msiiache ikabanana kwenye trei! Ipe sentimita 30 baina ya mche na mche, jua la siku nzima, mbolea kidogo kidogo, na maji. Wengi huinyima maji wakiogopa kuoza, ilhali kinachoozesha ni maji yaliyotuama na samadi mbichi. Mche uliolelewa hivi unaweza kuchanua majira ya kuchipua yanayofuata.

Si miche yote itakayowahi, hilo nakubali. Ipo pia njia ya kutoa kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu, na kukiotesha kwenye chupa, aliyoifanyia kazi mtaalamu wa mimea L. F. Randolph wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1940. Inafupisha muda zaidi, lakini inadai usafi wa maabara. Na anayetaka ua lilelile la mama agawe tunguu, mbegu haitampa.

Trei usiimwage: mbegu zilizogoma huota hata mwaka wa pili, baada ya baridi nyingine.